Kutoka Mashine hadi Masimulizi: Uhakiki wa Mabadiliko ya Tuzo za Majaji katika Mashindano ya Roboti ya Wanafunzi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mabadiliko yaliyofanywa tangu mwaka 2020 katika tuzo zinazotolewa na majaji kwenye mashindano ya roboti ya wanafunzi, hasa yale ya taasisi ya FIRST ya Marekani, ambayo ndiyo yanayoigwa zaidi katika ukanda wetu. Tuzo hizo zinachukuliwa hapa kama matini yenye msamiati wake, utanzu wake na hadhira yake. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko hayo, ingawa baadhi yake yanastahili pongezi, yamehamisha uzito wa hukumu kutoka kwenye kifaa kilichoundwa hadi kwenye simulizi la waundaji, na papo hapo yamebana muda na nafasi ya simulizi hilo. Kwa mtoto anayesimulia kwa lugha asiyoimudu, mambo hayo mawili yakikutana huzaa dhuluma ambayo waandaaji hawakuikusudia. Makala yanajadili pia ugumu wa kuyatafsiri majina ya tuzo kwa Kiswahili, na yanatoa mapendekezo machache kwa wanaoandaa mashindano ya kitaifa na ya kikanda.

Utangulizi: uwanja na chumba

Mwaka 1989 mvumbuzi Dean Kamen alianzisha taasisi ya FIRST, na mwaka 1992 timu za kwanza zilikutana katika jimbo la New Hampshire kushindanisha roboti zao. Tangu msimu huo wa kwanza palikuwa na tuzo ambayo roboti haikuweza kuinyakua kwa nguvu za mota zake. Iliitwa Chairman's Award, na ilipewa timu iliyohesabiwa kuwa kielelezo kwa wenzake katika kueneza moyo wa sayansi na teknolojia. Anayeshinda tuzo hiyo katika fainali za dunia huingizwa katika orodha ya heshima ya taasisi, orodha ambayo bingwa wa uwanjani haingii kwa sababu tu ya ubingwa wake.

Mashindano haya, basi, yana mabaraza mawili. Uwanjani roboti hukimbia, huokota, hurusha, hupanda, na waamuzi huhesabu pointi na kutoa adhabu. Chumbani, au katika eneo la matengenezo, majaji husikiliza wanafunzi wakieleza walichofanya, husoma walichoandika, kisha hujifungia faragha na kuamua. Kiswahili kimebahatika kuwa na maneno mawili yanayoweza kuzitenga kazi hizi: mwamuzi, tunayemjua kutoka kwenye kandanda, na jaji, tunayemjua kutoka mahakamani na siku hizi kutoka kwenye mashindano ya nyimbo. Ni ajabu kwamba katika ratiba za mashindano nilizowahi kuziona katika ukanda huu, wote wawili huitwa waamuzi. Mzazi anayesoma ratiba hiyo hawezi kujua ni nani anayehesabu mipira na ni nani anayepima maneno ya mwanawe. Makala haya yanamhusu huyo wa pili.

Maandishi mengi niliyoyasoma kwa Kiswahili kuhusu mashindano haya ni ya kihabari: timu fulani imesafiri, imeshinda, imepokewa uwanja wa ndege. Tuzo yenyewe haijahakikiwa. Wanaisimu na wahakiki wa fasihi tumeliacha jambo hili kwa walimu wa fizikia, kana kwamba kinachopimwa katika chumba cha majaji ni fizikia. Kinachopimwa humo, kwa sehemu kubwa, ni hadithi.

Jina linapobadilika

Kuanzia msimu wa 2023, tuzo iliyobeba jina la mwenyekiti iliitwa FIRST Impact Award. Mabadiliko ya jina yalikuwa na mantiki mbili zinazoonekana wazi. Kwanza, jina la zamani halikueleza tuzo inahusu nini. Pili, neno la Kiingereza lililotumiwa linamtaja mwanamume ndani yake, na taasisi inayowaita wasichana kwenye uhandisi isingeweza kulibeba milele kama jina la heshima yake ya juu kabisa.

Mhakiki wa Kiswahili anaitazama sababu hiyo ya pili kwa tabasamu. Mwenyekiti wetu hana jinsia. Ngeli yetu ya kwanza haiulizi kama anayeketi kitini ni Asha au Juma. Laiti tuzo hiyo ingekuwa imezaliwa Tanga au Kisangani, hoja ya jinsia isingezuka kwenye jina, ingawa ingeweza kuzuka kwenye orodha ya washindi. Kwetu taabu inaanza pale tunapolipokea jina jipya. Njia ya mkato ni kuliita Tuzo ya Athari, na tayari neno athari limezoeleka katika ripoti za miradi na za wafadhili kwa maana hiyo. Lakini sikio la kawaida la Mswahili halijaikubali kabisa. Tunasema athari za mafuriko, athari za ukame, athari za dawa za kulevya. Walioathirika ni watu waliopatwa na msiba. Mwanafunzi akienda kumwambia bibi yake kijijini kuwa timu yao imepata Tuzo ya Athari, ana haki bibi huyo kuuliza ni nani aliyeumia.

Wengine watasema haya ni mabishano ya maneno. Ndiyo, na tuzo ni maneno. Jina la tuzo ndilo linalomwelekeza mwanafunzi atafute nini katika kazi yake ya mwaka mzima, na ndilo linalomwelekeza jaji asikilize nini. Pendekezo langu ni Tuzo ya Mchango, kwa sababu mchango hutoka kwa mtu kwenda kwa jamii na hupimwa kwa alichotoa. Athari hupimwa upande wa pili, kwa kilichobadilika kwa wengine, na mwanafunzi wa miaka kumi na sita hana nyenzo za kukipima. Kwa maoni yangu tofauti hii inafichua udhaifu uliomo hata katika Kiingereza chenyewe. Timu zinazodaiwa athari hujikuta zikihesabu: watoto wangapi walifikiwa, warsha ngapi zilifanyika, nakala ngapi ziligawiwa. Namba hizo ni rahisi kuzitaja na ni ngumu kuzihakiki, na jaji mwenye dakika chache hana la kufanye ila kuzipokea.

Neno jingine linalostahili kutazamwa ni lile la Woodie Flowers, profesa wa uhandisi wa MIT aliyefariki mwaka 2019, ambaye aliipa jumuiya hii falsafa ya kushindana kwa nguvu zote huku ukimheshimu na kumsaidia unayeshindana naye. Timu inayomkopesha mpinzani betri dakika tano kabla ya kupambana naye inaishi falsafa hiyo. Kwa Kiswahili nimesikia ikitafsiriwa kuwa weledi wenye uungwana. Tafsiri hii ni nzuri, na bado ina mwiba. Uungwana wa pwani yetu ulikuwa kwanza hadhi ya mtu huru asiye mtumwa, mwenye nasaba na mji wake; tabia njema ilifuata baadaye, kama pambo la hadhi. Matumizi ya leo yamelisafisha neno kwa kiasi kikubwa, na mwendesha bodaboda wa Kampala anayemwita mwenzake muungwana hafikirii nasaba. Hata hivyo, katika tuzo inayotolewa na watu wazima wenye vyeo kwa watoto wa shule, ni vema kukumbuka kwamba neno lenyewe limewahi kutumika kuamua nani aketi na nani asimame. Ningependelea weledi wenye utu. Utu hauna mlango wa nyuma wa namna hiyo.

Kurasa kumi na tano, dakika tano

Mabadiliko ya majina yanaonekana. Yale ya utaratibu hayaonekani sana, na ndiyo yenye uzito zaidi.

Katika FIRST Tech Challenge, daraja la kati la mashindano haya, timu zilikuwa zikiwasilisha daftari la uhandisi, kitabu kinene chenye michoro, kumbukumbu za vikao, makosa na masahihisho ya msimu mzima. Kuanzia msimu wa 2020–2021 daftari hilo lilibadilishwa kuwa jalada lisilozidi kurasa 15 pamoja na jalada la mbele. Siwezi kuyalaumu mabadiliko haya. Daftari la kurasa mia tatu halikusomwa na mtu. Lilipimwa kwa mkono, kama kilo ya nyama. Timu tajiri zilikuwa na madaftari yaliyopambwa kama albamu za harusi, na majaji walifunua kurasa chache na kustaajabu. Kurasa 15 zinasomeka. Zinamlazimisha mwanafunzi kuchagua, na kuchagua ni sehemu ya uhandisi.

Lakini angalia kilichopotea. Daftari lilikuwa utanzu wa kumbukumbu: liliandikwa siku kwa siku, na makosa yalibaki ndani yake kwa sababu hakuna aliyejua bado kuwa ni makosa. Jalada ni utanzu wa muhtasari, linaandikwa mwishoni na mtu anayejua hadithi iliishaje. Kila kosa linalotajwa humo ni kosa lililokwisha kukombolewa. Wahakiki wa tawasifu wanaijua vizuri tofauti kati ya shajara na kumbukumbu za uzeeni, na hakuna anayedhani kuwa ya pili ni ufupisho wa ya kwanza. Muhtasari, tena, unadai umahiri wa lugha kuliko kumbukumbu. Mtoto mwenye Kiingereza cha kuungaunga anaweza kujaza daftari kwa michoro, vipimo na sentensi fupi, na jaji mvumilivu akaona akili yake. Katika kurasa 15 kila sentensi inabeba mzigo wa ishirini.

Mtindo huohuo unaonekana kwa watoto wadogo. Katika FIRST LEGO League, timu zilikuwa zikiingia katika vyumba vitatu tofauti, kila kimoja na majaji wake: cha maadili ya timu, cha muundo wa roboti na cha mradi wa ubunifu. Tangu msimu wa 2020–2021 vikawa kikao kimoja cha dakika 30. Watoto hupewa dakika tano kueleza mradi wao wa ubunifu na tano za maswali, kisha tano za roboti na tano za maswali, na zinazobaki ni za tafakuri na mrejesho. Maadili, mradi, muundo wa roboti na mchezo wa uwanjani hupewa uzito sawa, robo kwa robo. Maana yake ni kwamba robo tatu za hatima ya timu zinategemea kikao hicho. Katika mashindano ya ngazi ya juu, FIRST Robotics Competition, insha ya tuzo kuu ina ukomo wa herufi 10,000, ikifuatwa na mahojiano ya dakika chache.

Kisha kuna ongezeko la tuzo zenyewe. Katika msimu wa 2024–2025, FIRST Tech Challenge iliondoa tuzo ya Motivate, iliyosherehekea ari na hamasa ya timu, na kuleta mbili mpya: Reach, kwa timu inayowafikia watu wapya, na Sustain, kwa timu inayopanga jinsi itakavyodumu baada ya wanachama wake kuhitimu. Vivyo hivyo katika ngazi ya juu, tuzo iliyokuwa ya ujasiriamali iligeuzwa kuwa ya uendelevu wa timu. Ukiitazama orodha nzima unaona mwelekeo: tuzo za kifaa, kama zile za ubunifu, udhibiti na usanifu, zimebaki zilivyo, na mahali panapokua ni upande wa uhusiano, mipango na fedha.

Tuzo ya uendelevu inanitia mashaka kuliko zote, na nitasema kwa nini. Inauliza swali la haki: mtakuwapo mwaka wa tano? Katika shule ya kutwa ambayo seti yake ya roboti ilitoka kwa mfadhili, ambayo mwalimu wa timu anaweza kuhamishwa Januari kwa barua ya mstari mmoja, swali hilo haliko mikononi mwa mwanafunzi. Anaweza tu kuandika mpango unaofanana na mpango. Tunamfundisha kuandika andiko la mradi kabla hajajifunza kuandika programu isiyokwama.

Walionyamaza kwa Kiingereza

Niliwahi kuketi upande wa majaji katika mashindano madogo ya mkoa. Timu ya wasichana sita iliingia. Msemaji wao, aliyekuwa amekariri, alisema kwa Kiingereza kwamba roboti yao ni nzuri sana, imara sana, na kwamba wamejifunza ushirikiano. Nilipouliza kwa nini walibadilisha gia za mkono wa roboti, alirudia kwamba sasa ni imara zaidi. Mwenzangu aliandika kwamba maelezo hayako wazi. Walipokuwa wakikusanya vitu vyao, mmoja aligeuka na kumkaripia mwenzake kwa Kiswahili: alimwambia kuwa alipaswa kusema kwamba gia kubwa ikizungushwa na ndogo mkono unapoteza kasi lakini unapata nguvu, na kwamba walijaribu uwiano mbili kabla ya kupata ule ambao mota haichemki. Ilikuwa sentensi moja, kamili, yenye sababu, jaribio na matokeo. Muda ulikuwa umekwisha. Jedwali la vigezo halikuwa na nafasi ya kitu kilichosikika mlangoni.

Nilipolisoma tena jedwali lile jioni, niliona kwamba tatizo limo katika maneno yake. Vigezo vya muundo wa roboti havikuuliza kama timu inaelewa kazi ya roboti yake. Viliuliza kama maelezo yake yako wazi, yako wazi kwa sehemu, au hayako wazi. Uwazi wa maelezo ndio uliogeuzwa kuwa kipimo cha uelewa. Kwa mtoto anayejieleza kwa lugha anayoota nayo, ukaribu huo unakubalika. Maelezo ni dirisha, na kupitia humo unaona akili. Kwa mwingine, dirisha lenyewe limefunikwa vumbi la lugha ya tatu au ya nne, na jaji anaandika kwamba ndani hamna kitu.

Utetezi wa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba mhandisi lazima ajue kujieleza. Nakubali bila masharti. Ya pili ni kwamba Kiingereza ndicho lugha ya uhandisi duniani, kwa hiyo watoto wakizoee. Hapo ndipo ninapokataa, kwa sababu mashindano haya yenyewe hayaamini hivyo kwingineko. Mtoto wa Ujerumani anayeshiriki FIRST LEGO League katika mji wake hujieleza kwa Kijerumani mbele ya majaji wanaomwelewa, na hakuna anayedhani kuwa uhandisi wa Kijerumani umedhoofika kwa sababu hiyo. Kiingereza chumbani ni desturi tuliyoichagua wenyewe, au iliyotuchagua kwa kuwa vitabu vya mwongozo vilifika hivyo.

Jambo hili lina sura ya pekee katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge mwaka 2022, jumuiya ina mamilioni ya wanafunzi waliosomeshwa kwa Kifaransa, na Burundi ilikuwamo tangu 2007. Weka katika chumba kimoja mtoto wa Bukavu, mtoto wa Bujumbura, mtoto wa Arusha na mtoto wa Mbarara. Ukiendesha hukumu kwa Kiingereza umempa wa Mbarara nafasi ya mbele na umewanyima wawili wa kwanza. Ukiiendesha kwa Kifaransa, umegeuza tu mwelekeo wa dhuluma. Kiswahili hakiwaweki wote sawa pia, na tusijidanganye: wa Mbarara atakuwa nyuma, ingawa baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini ndiyo lugha pekee ambayo watatu kati ya wanne wanaweza kugombana nayo kuhusu gia. Kwa wa nne, ukalimani unawezekana, mradi dakika za mkalimani zisihesabiwe kuwa dakika za timu. Leo, panapokuwa na mkalimani katika mashindano yetu, dakika tano za timu hugeuka kuwa mbili na nusu, na hakuna jedwali linalolitambua hilo.

Kuna watakaosema hatuna istilahi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini nenda kwenye eneo la matengenezo usikilize. Watoto wana gia, mota, betri, chaji, kihisi, waya, programu, na wakikosa neno wanachukua la Kiingereza na kulivalisha kiambishi bila kuomba ruhusa ya mtu. Istilahi zinazokosekana kwa kweli ni za watu wazima: majina ya tuzo na maneno ya vigezo. Hiyo ni kazi ya kurasa chache ambayo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingeweza kuikamilisha kwa ushirikiano na mabaraza ya kitaifa ndani ya msimu mmoja.

Ujasiri kama utanzu

Sitaki ieleweke kwamba simulizi ni adui. Mwaka 2017, katika mashindano ya kwanza ya FIRST Global yaliyofanyika Washington, timu ya wasichana wa Afghanistan ilizuiwa viza, kisha ikaruhusiwa baada ya kelele za dunia nzima. Katika tuzo ya mafanikio ya kijasiri, iliyopewa jina la mwanafizikia wa Morocco Rajaa Cherkaoui El Moursli, dhahabu ilikwenda Sudan Kusini, fedha Afghanistan na shaba Oman, ambayo wanafunzi wake walikuwa viziwi. Hakuna pointi za uwanjani ambazo zingeweza kusema kile ambacho orodha hiyo ilisema. Na nishani ya Oman inagusa hoja yangu moja kwa moja: timu ile ilifika kwa lugha ya ishara na ikasikika, kwa sababu palikuwa na kigezo kisichodai iseme kama wengine.

Hata hivyo, tuzo ya ujasiri ina hatari inayoambatana nayo, hasa kwa nchi zetu. Timu ikishajua kwamba dunia inatarajia kutoka kwake hadithi ya dhiki, itaisimulia. Umeme uliokatika, barabara iliyojaa maji, seti moja kwa shule nne: haya ni kweli, lakini yakigeuka kuwa utanzu, yanawaziba macho majaji wasione kwamba programu ya timu hiyo ilikuwa bora kuliko ya walioshinda tuzo ya udhibiti. Nimesoma maandalizi ya timu ambayo ukurasa mzima ulikuwa wa mashaka yao na mistari mitatu ilikuwa ya kihisi walichokitengeneza wenyewe kwa vipuri vya simu. Mwalimu wao aliniambia, bila kuona haya, kwamba wafadhili wanapenda mashaka. Hakukosea kuhusu wafadhili.

Suluhisho si kuifuta tuzo hiyo wala kuifungamanisha kila tuzo na matokeo ya uwanjani. VEX wamejaribu njia ya kati: tuzo yao kuu, Excellence, hudai timu iwe pia miongoni mwa zilizofanya vizuri katika mechi za mchujo na katika majaribio ya ustadi, pamoja na daftari na mahojiano. Inapunguza uwezekano wa simulizi tamu kuificha mashine mbovu. Lakini inamzuia pia yule ambaye mashine yake ilivunjika kwa bahati mbaya asubuhi ya mashindano, na katika nchi ambazo kipuri huchukua wiki sita kufika, kuvunjika si ajali ya nadra. FIRST nayo, katika ngazi ya Tech Challenge, kwa miaka mingi ilimtanguliza mshindi wa tuzo kuu ya Inspire katika foleni ya kusonga mbele hata kabla ya nahodha wa muungano ulioshinda uwanjani. Kuanzia msimu wa 2025–2026 imehamia mfumo wa pointi unaojumlisha uwanja na tuzo. Nauona mfumo huu mpya kuwa wa haki zaidi kwa sababu mizani yake inaonekana kabla ya mashindano kuanza. Ubaya wake ni kwamba unazipa tuzo zote namba, na chenye namba hutafutiwa mbinu.

Kwa wanaoandaa mashindano yetu

Washauri wa sera wanaosoma makala haya watauliza wafanye nini Jumatatu asubuhi. Lililo rahisi kuliko yote ni lugha ya kikao: timu ichague, mapema na kwa maandishi, lugha itakayojieleza, na mwandaaji atafute majaji wanaoijua. Wahandisi wanaojua Kiswahili hawakosekani Kigali wala Lubumbashi. Wanakosekana kwenye orodha ya walioalikwa, kwa kuwa orodha huandikwa na wadhamini.

La pili ni kuongeza, mahali pa kurasa 15 za jalada, haki ya timu kuleta daftari la asili kwenye mahojiano, kwa lugha yoyote na kwa michoro yoyote, jaji alifunue akitaka. Halisomwi lote. Linakuwapo ili mtoto anapokwama aweze kuonyesha kwa kidole.

La tatu ni ngumu, nami sina hakika nalo. Majadiliano ya majaji ni ya siri, na yana sababu ya kuwa siri. Majaji ni watu wa kujitolea na hawapaswi kufuatwa na wazazi hadi kwenye maegesho ya magari. Lakini tuzo za fasihi ya Kiswahili hutangaza maoni ya majaji hadharani, na waandishi wetu, ambao si watu wepesi wa kusamehe, wamezoea kuishi nayo. Maelezo mafupi ya sababu za ushindi, yakiandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa, yangezipa timu za mwakani kitu cha kusoma zaidi ya uvumi.

Mwisho, kuna kisanduku kimoja kidogo. Katika jedwali la vigezo la FIRST LEGO League lililoanza kutumika 2020 kuna ngazi nne, na jaji anayetoa ngazi ya juu kabisa hutakiwa aandike kwa maneno timu imevuka kiwango kwa namna gani. Anayetoa ngazi ya chini halazimiki kuandika kitu. Anatia alama na kuendelea. Ningeomba waandaaji wetu wa kitaifa waligeuze sharti hilo. Aliyepewa ngazi ya chini ndiye anayehitaji sentensi, na ingeandikwa kwa lugha aliyoitumia kujieleza. Mwenzangu wa siku ile angelazimika kuandika ni kitu gani hasa hakikuwa wazi kuhusu gia, na pengine kalamu ikiwa hewani angewaita wale wasichana warudi kutoka mlangoni.